Saba Kwenye Kivuko

2 Julai

Mdogo wangu Chiriku,

Najua utashtuka kuona bahasha badala ya simu. Simu humu ndani haina siri. Nikikupigia, Baba anakohoa chumbani kwake ili nijue anasikia, na Shangazi anakuja kusimama mlangoni na bakuli mkononi kama mtu anayepita tu. Ujumbe nao wanausoma watoto kabla yangu. Kwa hiyo nimeomba karatasi ofisini, naandika nikiwa chumba cha pasi hapa hospitali, wakati mashine zinapoa.

Sisi hatujambo, maana yake hakuna aliyelazwa. Huu ni mwaka wa sita tangu Baba apate kiharusi. Wewe unakuja Desemba, unakaa siku nne, unamkuta ameoga, amenyolewa, anatania. Kazi ya kumfikisha hapo huioni. Saa kumi na moja alfajiri namwamsha, namgeuza, namwosha, namvisha shati, mkono mbovu kwanza ndipo ule mzima. Kisha chai, kijiko kwa kijiko, maana akiharakishwa anapaliwa. Halafu nakimbilia huku kupiga pasi shuka mia mbili, narudi nyumbani, naanza upya. Shemeji yako yuko njiani na lori nusu ya kila mwezi. Shangazi anasaidia kwa mdomo. Wiki iliyopita nilisinzia nimesimama, kiwiko kikagusa pasi. Sikulia kwa maumivu, nililia kwa sababu nilijua hata nikiwa na bandeji Baba ataogeshwa na mimi.

Sasa sikiliza. Watoto wanafunga shule, na shemeji yako atakuwa mapumzikoni. Baba kila siku anauliza huo mji wako wa bandari ukoje, na ngome unayoonyesha wageni imejengwa kwa mawe gani. Nimeamua tuje kutembea, wote, tarehe 26. Tutafika kwa treni ya asubuhi na kuondoka na ya jioni.

Na nina neno na wewe. Unalijua. Baba ana watoto wawili, hana mmoja. Nataka tukae chini, mimi na wewe, tuliongee hilo neno ana kwa ana mpaka liishe. Nimechoka, mdogo wangu. Usiniambie chumba chako ni kidogo kabla sijafika.

Dada yako

*

10 Julai

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ngome, nikisubiri kundi la wastaafu thelathini na wanne ambao nusu yao walikuwa chooni na nusu nyingine wanatafuta miwani. Pole kwa kiwiko. Paka mafuta, usikikune.

Karibuni sana. Nimewaombea ruhusa mpite kila mahali kama wageni wangu. Ratiba ni hii, uwasomee watoto. Saa tatu mnashuka kituoni, mtaniona na kofia yangu ya kazi, ile nyekundu inayonifanya nifanane na jogoo. Saa tatu na nusu tuko ngomeni, mizinga na handaki. Saa nne na nusu tunapita forodha ya zamani. Saa tano na nusu kivuko hadi kisiwani, kwenye mnara wa taa, na saa saba kamili tunarudi nacho, maana baada ya hapo wenye kivuko wanakwenda kupumzika. Saa nane tunakula. Saa tisa makumbusho ya bahari. Saa kumi mtaa wa wasokota kamba, Shangazi ataupenda, kuna watu wengi wa kuwasema. Saa kumi na moja na nusu treni yenu.

Usicheke. Mimi nikimpenda mtu namtengenezea ratiba, ndivyo nilivyo. Na usiwe na wasiwasi wowote juu ya Baba. Kila lango tunalopita nasimama pembeni namgusa kila mtu bega huku nahesabu. Miaka kumi na moja sijapoteza mtu hata mmoja, na nimewahi kuongoza mzee aliyejifungia kwenye mnara kwa sababu amegombana na mkewe.

Kuhusu hilo neno lako, tutaongea tukipata nafasi. Chumba changu unakijua kwa kukisikia: ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na moja, choo cha pamoja mwisho wa korido. Sijasema kitu hapo. Nakueleza tu.

Wabusu watoto. Mwambie Baba mawe ya ngome ni ya matumbawe na atakuja kuyagusa mwenyewe.

Chiriku

*

29 Julai

Dada,

Siku tatu napiga simu. Anapokea Shangazi, anasema umelala. Saa mbili asubuhi umelala, saa saba umelala. Tangu lini? Basi nimekaa kuandika, maana barua haiwezi kuambiwa umelala.

Nisamehe. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia pale pale gatini kisiwani. Unakumbuka Baba alichoka na zile ngazi za mnara ingawa hakuzipanda, alichoka kwa kuzitazama. Ukamkalisha kwenye benchi la gati, ukampeleka mtoto chooni. Kila mtu akadhani mwenzake atamshika mzee. Mimi nikasimama langoni kama nilivyozoea, nikagusa mabega, nikafika saba, nikamwambia nahodha twende. Saba ndiyo hesabu yenu: Baba, Shangazi, wewe, shemeji na watoto watatu. Nilihesabu saba, Dada, naapa. Tumefika ng'ambo, tumeshuka wote, ndipo Shangazi akauliza kaka yake yuko wapi.

Tulingoja muda wa saa mbili na nusu. Nahodha na watu wake walikuwa wamekwenda kula na hakuna aliyekuwa na ufunguo wa injini. Wewe ulikuwa umekaa chini pale kwenye saruji. Shemeji alinisema mbele ya watu, kwamba mtu asiyeweza kumchunga baba yake siku moja asikabidhiwe hata kuku. Tulipomfikia Baba, yule mama mkata tiketi alikuwa amemshikia mwavuli, na suruali yake ilikuwa imelowa, naye anatazama pembeni. Ukamfunga kitenge chako kiunoni bila kumtazama usoni. Ndicho ninachokiona kila nikifumba macho.

Kisha mbio za kituoni. Mkaondoka na neno lako hatujaligusa.

Niambie Baba anasemaje. Kama amekasirika nieleze. Nitakuja kumwomba radhi nimepiga magoti.

Chiriku

*

5 Agosti

Chiriku,

Baba hajambo. Kipara chake kimebabuka na jua, nampaka mafuta asubuhi na jioni. Juu ya benchi hajasema lolote. Anachosema ni kwamba ngome yenu imepakwa rangi juu ya unyevu na itabanduka kabla mwaka haujaisha. Miaka arobaini ya kupaka rangi majumba ya watu haijamtoka. Anataka umweleze mkuu wako kwamba walitakiwa kukwangua hadi kwenye jiwe. Nimekufikishia.

Usijilaumu. Mtu anakosea hesabu, ni kawaida. Shemeji yako bado amevimba, mwache, atakwenda safari yake na atarudi amesahau.

Kuhusu lile neno langu, lifute. Nikueleze tu ili ujue lilikuwa wapi. Lile begi kubwa la Baba ulilotuona tunalivuta mji mzima lilikuwa na nguo zake zote na dawa za miezi miwili. Nilikusudia nimwache kwako. Nilitaka kukuambia mapema, siku ikaisha, nikasema basi nitakuambia kituoni treni ikiwa inaondoka, ushindwe kukataa. Hata Baba mwenyewe sikumwambia. Sasa nguo zimerudi kabatini, nimezikunja upya. Baada ya yaliyotokea siwezi kumwachia mtu mwingine. Nitaendelea nilivyokuwa naendelea.

Usipige simu kwa siku kadhaa. Nikisikia sauti yako nachoka zaidi, na si kosa lako.

Dada yako

*

14 Agosti

Dada,

Sikupiga simu. Umeona ninavyotii.

Ila barua yako imeninyima raha, kwa sababu unanisamehe kosa ambalo silo, na lile lenyewe hulijui. Acha nikueleze, halafu uamue.

Begi nililiona tangu mnashuka. Nililinyanyua mimi kumpokea shemeji, likanivuta bega. Mtu anayekuja kutembea mchana mmoja habebi mzigo ule. Nilielewa pale pale kituoni. Na hata kabla ya hapo nilikuwa nimeelewa, kutokana na barua yako ya kwanza. Ile ratiba niliijaza makusudi. Hakuna kundi ninalolipeleka sehemu tano kwa siku, mkuu wangu angenifukuza kazi. Niliijaza ili usipate dakika ya kukaa chini na mimi. Kila ulipofungua mdomo nilikuonyesha mzinga. Pale forodhani uliponishika mkono ukasema "mdogo wangu, njoo kidogo", nikaanza kuwaelezea watoto habari za mizani ya karafuu, na watoto wenyewe walikuwa wanataka maji. Niliogopa. Naishi peke yangu, nimezoea kula nikitaka na kunyamaza nikitaka, na niliogopa yale maisha yako ya alfajiri. Ni aibu lakini ndiyo kweli.

Na ile hesabu. Umesema mtu anakosea, ni kawaida. Mimi si kawaida yangu. Kazini sijihesabu, kiongozi hahesabiwi, nahesabu wageni tu. Siku ile langoni nilianza na mimi. Nilijigusa bega mwenyewe nikasema moja. Sijui kwa nini, au najua: miaka kumi na moja nahesabu familia za watu wengine, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ni ya kwetu, na nilifurahi mno. Nikaendelea hadi saba, nikaona imetimia kama nilivyoizoea kichwani tangu asubuhi. Tulikuwa wanane, Dada. Nilijiingiza mimi, akabaki Baba.

Sasa ukiniambia sifai kumtunza, nitakubali. Lakini usilifute neno lako kwa kunistahi, halafu uje uangukie pasi. Sema wazi kwamba ni kwa sababu yangu.

Chiriku

*

23 Agosti

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku tano mfukoni mwa aproni. Leo ni Jumapili, wenzangu hawapo, nimejifungia chumba cha pasi. Soma hii ukiwa umekaa.

Si kwa sababu yako.

Nilipanda kivuko kile nikiwa nimemshika mtoto. Nilidhani Baba yuko mbele na shemeji yako. Nikapata nafasi kule nyuma, kwenye lile benchi la pembeni, nikakaa. Kivuko kikaondoka gatini. Nikageuka kutazama kisiwa, nikamwona. Amekaa pale pale nilipomkalisha, mkono mbovu mapajani, fimbo katikati ya miguu. Tulikuwa hatujafika mbali, hatua ishirini au thelathini. Ningepiga kelele moja tu nahodha angerudi.

Nilinyamaza.

Nimejaribu kujidanganya kwamba nilishtuka, kwamba ulimi ulinikauka. Hapana. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijisemea, Baba hayupo, na nikahisi mwili wangu wote umelegea kama mtu aliyetuliwa gunia. Upepo ulikuwa unanipiga usoni. Watoto walikuwa wanacheka na wewe kule mbele. Nikasema moyoni, nitaita sasa hivi. Kisha nikasema, nimalize kupumua mara moja. Zikapita dakika ishirini za kuvuka, mdogo wangu, na sikuita. Shangazi alipouliza kule ng'ambo, nami nikageuka nikajifanya namtafuta. Shemeji yako akakurukia wewe, watu wakakutazama wewe, nami nikakaa kwenye saruji nikakuacha ubebe.

Ndiyo maana nilikuwa "nimelala" ulipopiga. Ndiyo maana nguo nimezirudisha kabatini. Mtu aliyefanya vile hana haki tena ya kusema amechoka, hana haki ya kumwomba mwenzake zamu. Nampaka mafuta kwenye kipara na yeye ananishukuru, kila siku, "ahsante mwanangu", na mimi natamani anipige.

Sijamwambia mtu, hata shemeji yako. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini usimwambie Baba. Akijua tu kwamba tulimsahau, inatosha. Kusahauliwa mtu anavumilia.

Dada yako

*

30 Agosti

Dada,

Nimeisoma mara moja nikaichana, isije ikaonwa na mtu.

Sina la kukusamehe. Mimi nilikuzuia kusema siku nzima, kwa hiyo sishangai ulinyamaza dakika ishirini. Nimelia, nakiri, lakini nililia kwa ajili yako zaidi kuliko kwa ajili ya Baba. Umetuliwa gunia ukaona ni dhambi, na mimi ndiye niliyetakiwa kulishika upande wa pili miaka yote sita.

Nakuja Jumamosi tarehe 5 kwa treni ya asubuhi. Funga lile begi tena. Hatuna haja ya kukaa chini kuliongea neno, limeshaongewa. Mkuu wangu amenipa zamu za mchana tu hadi mwisho wa mwaka, na jirani yangu wa mlango wa pili ni muuguzi aliyestaafu, atakuwa naye nikiwa kazini. Wapagazi wawili wa forodhani wamekubali kumpandisha zile ngazi kwenye kiti. Kushuka tutajua baadaye.

Mwambie Shangazi asinipikie. Nitakula kwenye treni nikirudi.

Chiriku

*

27 Septemba

Mwanangu mkubwa,

Anayeandika ni mdogo wako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinitengenezee maneno kama anavyowatengenezea wageni wake.

Nimefika salama, nimepandishwa kama sanduku la maiti, wale wapagazi wanatembea vizuri. Chumba ni kidogo kweli, hakudanganya. Ananinyoa kama anakwangua sufuria. Maji ya kuoga ama baridi ama moto, katikati hajapajua. Usiku anakoroma, nilikuwa nimesahau. Dirishani naona ukuta wa ghala na mfereji unaovuja, nimeshawaambia mahali pa kuziba. Muuguzi ni mkali na anapenda karata. Hali yangu ni hiyo.

Sasa lililonifanya nitake barua. Nimekaa nalo tangu Julai, nikisema litapita, naona halipiti. Asubuhi ile mdogo wako anakuja kunichukua ulinifunga vifungo vya shati ukalia, ukasema ni kikohozi. Kwa hiyo najua na wewe unalo.

Pale kisiwani ulinitazama. Mimi nilikuwa nakutazama kabla hujageuka. Niliwaona mnapanda, mmoja mmoja, na nikajua mmenisahau, nikajivuta ili niite. Sauti yangu imeharibika, lakini ya kumfikia mtu pale ulipokuwa ninayo. Nilikuwa nimefungua mdomo, ndipo ukageuka tukaonana. Nikaona mikono yako. Ulikuwa umeilaza mapajani, yote miwili, haijashika kitu. Sikumbuki lini nimeiona hivyo tangu niugue. Nikaufunga mdomo wangu mwenyewe.

Mdogo wako ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.

Sitakudanganya kwamba lile benchi lilikuwa starehe. Jua lilikuwa kali, nilijikojolea, yule mama wa tiketi alinihurumia na mimi huruma ya mtu nisiyemjua siipendi. Mara mbili nilikukasirikia, na ya pili nilikukasirikia sana. Kisha kivuko kikarudi na wewe ukawa wa kwanza kushuka, kabla hakijafungwa kamba, ukakaribia kutumbukia. Hasira ikaisha. Ningekuambia siku ile ile, ila ulikataa kunitazama usoni, nami nikaona nikisema mbele ya mumeo nitakuaibisha. Nilikosea kungoja. Umeteseka miezi miwili kwa jambo ambalo tulilifanya wawili.

Nguo na dawa ninazo. Usije kunichukua, na usije mwezi huu hata kunisalimu, kwa sababu najua ukija utakuja kufua. Njoo utakapokuwa umenikumbuka mwenyewe, hata kama ni mwakani. Mimi sitahesabu siku. Sasa lala, mwanangu. Ni mimi baba yako nimesema, nimekuruhusu.

Baba